René Dubos: Mtafiti aliyechimba dawa udongoni akaonya mapema kuhusu ngao za viini

RENÉ Dubos aliaga dunia jijini New York, Marekani, mnamo Februari 20, 1982, siku ile ile aliyotimiza umri wa miaka 81. Kufikia wakati huo wengi walimfahamu kama mwandishi wa vitabu kuhusu mazingira na hatima ya binadamu. Waliokumbuka kazi yake ya awali walikuwa wachache. Mnamo 1939, miaka miwili kabla ya penisilini kuanza kudungwa wagonjwa nchini Uingereza, Mfaransa huyu alikuwa ametangaza dawa aliyoitoa kwenye bakteria wa kawaida wa udongoni, mojawapo ya antibiotiki za kwanza kabisa kutumiwa kutibu.

Katika kaunti za Kitui na Makueni jina lake halitajwi sana, lakini matunda ya kazi hiyo yamo katika kila soko. Yamo katika kichupa cha dawa ya matone ya macho, katika vidonge vya kifua kikuu vinavyomezwa kwa miezi sita mfululizo, na katika duka la dawa za mifugo ambako mfugaji hununua dawa ya sindano ya mbuzi wake, mara nyingi bila karatasi ya daktari. Dawa nyingi za aina hiyo asili yake ni viumbe wa udongoni wanaouana wao kwa wao. Na hapo ndipo penye swali ambalo Dubos alilikaribia mapema kuliko wengi: kiumbe anayepika sumu ya kuwaua majirani zake, yeye mwenyewe huponaje?

Swali hilo si la maabara pekee. Jibu lake ndilo linaloeleza kwa nini dawa iliyomponya mgonjwa mwaka huu huenda ikashindwa kumponya mwingine miaka michache baadaye.

Dubos alizaliwa mwaka wa 1901 huko Saint-Brice-sous-Forêt, kaskazini mwa Paris, na kulelewa katika kijiji cha wakulima cha Hénonville, ambako wazazi wake walikuwa na bucha. Akiwa mtoto aliugua homa ya baridi yabisi iliyomwachia kasoro ya moyo, na macho yake pia hayakuwa mazuri. Mtoto asiyeweza kukimbia na wenzake hujifunza kutazama, na pengine huko ndiko alikopata tabia yake ya kuchunguza vitu vikiwa mahali pake. Baba yake alifariki baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Kijana akaingia chuo cha kilimo jijini Paris, na baada ya masomo akaajiriwa jijini Roma, Italia, kuhariri jarida la taasisi ya kimataifa ya kilimo.

Kazi ile haikuwa ya kusisimua, lakini ilimkutanisha na makala moja iliyobadili maisha yake. Mwandishi wake alikuwa Sergei Winogradsky, mtaalamu wa viumbe wa udongoni aliyezaliwa katika himaya ya Urusi. Winogradsky alisisitiza kwamba bakteria anayefugwa peke yake ndani ya chupa ya maabara, akilishwa mchuzi mzito, si bakteria yule yule anayeishi udongoni akigombania chakula na maelfu ya wengine. Dubos aliamini hoja hiyo papo hapo, na hakuiacha hadi kufa kwake.

Mwaka wa 1924 alipanda meli kwenda Marekani. Safarini alikutana na Selman Waksman, mtaalamu wa udongo wa Chuo Kikuu cha Rutgers katika jimbo la New Jersey, ambaye baadaye angekuwa mwalimu wake. Mnamo 1927 Dubos alihitimu shahada ya uzamifu huko Rutgers kwa utafiti kuhusu jinsi bakteria wa udongoni wanavyoozesha selulosi, yaani nyuzi ngumu za mimea. Mwaka huo huo akajiunga na Taasisi ya Rockefeller jijini New York, katika maabara ya daktari Oswald Avery.

Avery alikuwa na tatizo. Bakteria anayesababisha nimonia, hasa aina ya tatu, hujifunika ganda la sukari nzito ambalo chembechembe za kinga za mwili haziwezi kulipenya. Dubos, ambaye hakuwa daktari, aliliwaza jambo hilo kwa akili ya mtu wa shambani. Ikiwa hakuna kiumbe anayeozesha ganda hilo, dunia nzima ingekuwa imefunikwa nalo. Hivyo basi lazima awepo, na pa kumtafutia ni udongoni. Akakusanya udongo wa kila namna, akaulisha ganda lile tu na kuunyima chakula kingine. Alimpata bakteria aliyemtaka katika udongo wa kinamasi huko New Jersey, na mwaka wa 1930 yeye na Avery wakatangaza kimeng'enya kilichomvua bakteria wa nimonia ganda lake na kuwaokoa panya wa maabara.

Dawa hiyo haikuwafikia wagonjwa, kwani dawa za salfa ziliwasili katika miaka ya 1930 na kuipiku. Lakini katika kazi ile Dubos aliona jambo ambalo lilikuwa na thamani kuliko dawa yenyewe. Bakteria wake alitengeneza kile kimeng'enya pale tu alipokuwa na njaa na hana chakula kingine isipokuwa ganda lile. Akipewa chakula rahisi, alikiacha. Kwa maneno mengine, bakteria si kitu kilichokamilika kama jiwe. Hubeba uwezo mwingi uliolala, na mazingira ndiyo huuamsha. Mtu aliyeona hivyo mwaka wa 1930 hangeweza kushangaa, miaka kumi baadaye, bakteria walipoanza kuzizoea dawa.

Mwishoni mwa miaka ya 1930 aliirudia mbinu yake, safari hii akiwa na shabaha pana zaidi. Badala ya kuulisha udongo ganda la bakteria mmoja, aliumwagia bakteria hai wanaoleta usaha, vidonda na nimonia. Akafanya hivyo tena na tena kwa muda mrefu, akisubiri kiumbe atakayejitokeza kuwala. Aliyejitokeza alikuwa Bacillus brevis, bakteria wa kawaida ambaye wataalamu wamemhamishia ukoo wa Brevibacillus. Maji yaliyotoka kwenye ufugo wake yaliwaua bakteria waliokusudiwa. Dubos akaliita zao hilo tairothrisini, na akishirikiana na mkemia Rollin Hotchkiss akaligawa sehemu mbili: gramisidini na tairosidini.

Jina gramisidini lilitokana na Hans Christian Gram, daktari wa Denmark aliyebuni mwaka wa 1884 njia ya kuwagawa bakteria makundi mawili kwa kuwatia rangi. Dawa mpya iliwaua wale wanaoishika rangi ya Gram. Vitu vyote viwili, gramisidini na tairosidini, ni peptidi, yaani minyororo mifupi ya asidi amino, zile chembe ambazo protini za mwili hujengwa kwazo. Gramisidini ina asidi amino 15. Hujikunja mfano wa mrija na kujichomeka katika utando unaoizunguka seli ya bakteria. Mirija miwili ikikutana ncha kwa ncha, tundu hupatikana, chumvi za ndani na nje zikapita ovyo, na bakteria akafa. Tairosidini ni pete ya asidi amino kumi, nayo huuharibu utando huo huo kwa namna ya kikatili zaidi.

Furaha ilikuwa kubwa lakini ya muda. Seli nyekundu za damu ya binadamu nazo zina utando, na peptidi hizi hazibagui sana. Zikidungwa mshipani huzipasua. Kwa hiyo dawa ya Dubos ikabaki kuwa ya kupakwa nje, kwenye vidonda, na ya kutibia ugonjwa wa kiwele cha ng'ombe. Ilipata sifa mjini New York baadhi ya ng'ombe waliokuwa kwenye maonyesho makubwa ya dunia ya 1939 na 1940 walipougua kiwele na kutibiwa kwayo. Hadi leo gramisidini hutiwa katika baadhi ya dawa za matone ya macho na masikio.

Hata hivyo, mlango ulikuwa umefunguliwa. Habari za gramisidini ziliwatia moyo watafiti wa Oxford waliokuwa wakiishughulikia penisilini, na zilimfanya Waksman, mwalimu wake wa zamani, aanze kuwatafuta kwa utaratibu viumbe wa udongoni wanaoua viini. Alexander Fleming, Howard Florey na Ernst Chain walipata tuzo ya Nobel mwaka wa 1945, na Waksman mwaka wa 1952. Dubos hakuipata kamwe. Ni vigumu kuitazama orodha hiyo bila kuona pengo.

Turudi sasa kwenye lile swali. Bacillus brevis mwenyewe ni wa kundi lile lile linaloishika rangi ya Gram, na mwili wake umezungukwa na utando kama wa wale anaowaua. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Mbona huyu hatumbukii?

Sehemu ya kwanza ya jibu ni wakati. Bakteria huyu hatengenezi sumu yake anapokuwa mchanga, akikua na kugawanyika kwa kasi. Huanza kuitengeneza chakula kinapopungua na ukuaji kusimama, wakati anapojiandaa kugeuka mbegu ngumu inayoweza kustahimili ukame na joto. Mtu wa Kitui anayejua jinsi mbegu inavyolala udongoni miezi mingi ikingoja mvua ya vuli hatashangazwa na mbinu hiyo.

Lakini wakati pekee hautoshi, na utafiti uliofanywa katika jamaa wengine wa bakteria wanaotoa peptidi za sumu umefichua kinga za namna namna. Wawindaji wa Ukambani wa zamani wangezitambua. Mwindaji aliyepaka mshale wake sumu ya mti wa msunguti hakuubeba wazi; aliufunga ncha kwa ukanda mwembamba wa ngozi, ili sumu isikauke na isimguse yeye, na kuufungua anapokaribia windo. Bakteria wa maziwa anayeitwa Lactococcus lactis hufanya vivyo hivyo. Hutengeneza peptidi iitwayo nisini, lakini ndani ya seli huitengeneza ikiwa na kipande cha ziada mbele yake kinachoizuia kufanya kazi. Kipande hicho hukatwa nje ya seli, na hapo ndipo nisini huwa sumu.

Hata hivyo, sumu iliyokwisha kutoka nje inaweza kumrudia mwenyewe. Kwa hiyo Lactococcus huweka juu ya utando wake protini ya mlinzi inayoinasa nisini kabla haijapenya, na pia ana pampu inayoitema ile iliyokwisha kujichomeka. Mlinzi na pampu hushirikiana. Ukimwondolea bakteria kimoja, kinga yake hupungua. Nisini yenyewe iliidhinishwa na wataalamu wa mashirika ya FAO na WHO mwaka wa 1969 kama kihifadhi cha chakula, na hutumiwa katika jibini na vyakula vya mikebe. Bakteria wa ukoo huo wa maziwa ndio wanaogandisha maziwa mala ndani ya kibuyu, na uwezo wao wa kuwafukuza viini wengine ni sababu mojawapo ya maziwa hayo kukaa siku nyingi kuliko maziwa mabichi.

Bakteria anayetengeneza basitrasini, dawa ya kupaka vidonda, hutegemea pampu. Naye Escherichia coli wa matumboni ana mtindo wa pekee. Mwaka wa 1925 Mbelgiji André Gratia aligundua kwamba baadhi ya bakteria hao hutoa sumu inayowaua ndugu zao wa karibu. Sumu hizo zikaja kuitwa kolisini. Hizi ni protini, kubwa kuliko peptidi za Dubos, lakini kanuni ni ile ile. Kila anayetengeneza kolisini hutengeneza pia protini ndogo ya kinga, inayoikumbatia sumu hiyo hiyo na kuinyamazisha. Jeni ya sumu na jeni ya kinga hukaa jirani, na hurithiwa pamoja. Ndugu asiye na kinga hufa. Ndugu mwenye kinga husalia na kukirithi chakula.

Njia nyingine ni kukibadilisha kile kinacholengwa. Vankomisini, dawa nzito ya hospitalini iliyotokana na bakteria wa udongo wa kisiwa cha Borneo na kuanza kutumiwa mwaka wa 1958, huua kwa kuyashika matofali yanayojenga ukuta wa seli. Mtengenezaji wake amelibadilisha kidogo pembe la tofali lake, hivi kwamba dawa haipati mahali pa kushika.

Hata kuvu, ambao si bakteria, wana siri kama hizi, na wakazi wa Makueni na Kitui wamekutana nao kwa uchungu. Kati ya Januari na Julai 2004, watu 317 waliugua na 125 wakafariki, wengi wao katika wilaya hizo mbili kama zilivyokuwa wakati huo, baada ya kula mahindi yaliyovunda na kuota kuvu wanaotoa sumu ya aflatoksini. Maafa kama hayo, ya kiwango kidogo, yalikuwa yametokea mwaka wa 1981 katika eneo hilo hilo lilipokuwa bado chini ya wilaya ya Machakos. Watu 12 walikufa. Sumu hiyo huharibu ini la mtu, lakini kuvu wanaoipika hawaonekani kudhurika. Watafiti walioichunguza jamii ya karibu ya kuvu hao waligundua mwaka wa 2009 kwamba sumu huandaliwa na kufungiwa ndani ya vifuko vidogo vya seli, kisha vifuko hivyo hupelekwa ukingoni na kuimwaga nje. Ni mfano mwingine wa kubeba sumu katika ala.

Dawa inayopambana na kuvu hao mashambani nayo inafuata nyayo za Dubos. Aflasafe KE01, iliyosajiliwa nchini Kenya mwaka wa 2015, ni kuvu wa asili ya humu humu nchini wasiokuwa na uwezo wa kutoa aflatoksini. Hunyunyizwa shambani kabla mahindi hayajakomaa, wakaitwaa nafasi na chakula, na wale wenye sumu wakakosa pa kukaa. Aliyetafuta udongoni adui wa bakteria wa nimonia angeielewa mbinu hiyo mara moja.

Dubos hakuishi kuyaona maelezo mengi kati ya haya. Lakini aliielewa maana yake mapema. Ikiwa silaha imekuwamo udongoni kwa muda mrefu, ngao nayo imekuwamo kwa muda huo huo, maana hakuna aliyeweza kuishika silaha bila ngao. Mwaka wa 1942, wakati ambapo madaktari wengi walizitazama antibiotiki kama mwisho wa maradhi, yeye alikuwa akionya kwamba bakteria watazizoea na kwamba jambo hilo halifai kumshangaza mtu.

Mwaka huo huo ulimletea pigo. Mkewe wa kwanza, Marie Louise Bonnet, Mfaransa aliyekuwa mwanamuziki, alikufa kwa kifua kikuu. Alikuwa ameugua ugonjwa huo utotoni, na Dubos aliamini kwamba wasiwasi juu ya jamaa zake katika Ufaransa iliyokaliwa na majeshi ya Ujerumani ndio ulioamsha viini vilivyokuwa vimelala mwilini kwa miaka mingi. Aliacha kutafuta antibiotiki nyingine. Baada ya miaka miwili Chuo Kikuu cha Harvard, alirejea Rockefeller mwaka wa 1944 na kuelekeza nguvu zake kwa kifua kikuu. Huko alibuni namna ya kuwafuga bakteria wa ugonjwa huo kwa haraka zaidi, jambo lililowasaidia watafiti wa nchi nyingi. Mwaka wa 1946 alimwoa Jean Porter, msaidizi wake wa maabara, ambaye naye aliwahi kuugua kifua kikuu, na mwaka wa 1952 wakatoa pamoja kitabu kuhusu historia ya ugonjwa huo katika jamii.

Hoja ya kitabu hicho iliwaudhi baadhi ya madaktari. Dubos alionyesha kwamba vifo vya kifua kikuu Ulaya vilikuwa vimepungua sana kabla ya dawa kupatikana, kadiri watu walivyopata chakula bora, nyumba zenye hewa na kazi zisizowavunja mgongo. Hakukataa dawa. Alikataa kwamba dawa peke yake inatosha katika mwili uliodhoofishwa na njaa. Kwa maeneo kama Kitui na Makueni, ambako ukame huja na kurudi, hoja hiyo haijachakaa.

Historia ya streptomisini ilimthibitisha haraka kuliko alivyotarajia. Dawa hiyo iligunduliwa mwaka wa 1943 katika maabara ya Waksman na mwanafunzi wake Albert Schatz, kutoka kwa bakteria wa ukoo wa Streptomyces, wale ambao huchangia ile harufu nzuri inayopanda mvua ya kwanza inapoupiga udongo mkavu. Wagonjwa wa kifua kikuu waliopewa dawa hiyo peke yake walipata nafuu, kisha wengi wao wakazidiwa tena, kwa kuwa bakteria waliosalia mwilini walikuwa tayari hawaisikii. Ilibidi dawa zichanganywe. Majaribio yaliyofanywa kwa wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia kuanzia mwaka wa 1970 yalisaidia kuthibitisha kwamba mchanganyiko unaofaa ungeweza kuponya kwa miezi sita badala ya mwaka mmoja na nusu. Anayeacha vidonge mwezi wa pili kwa sababu kikohozi kimekoma huwaachia uwanja bakteria waliobaki.

Mwaka wa 1973 watafiti wawili, Raoul Benveniste na Julian Davies, walitoa ushahidi wa lile ambalo lilikuwa likishukiwa. Bakteria wa Streptomyces hujikinga na dawa zao kwa vimeng'enya vinavyozifunga, na vimeng'enya hivyo vinafanana na vile vilivyoonekana kwa bakteria sugu wa hospitalini. Ngao zilikuwa zimehama. Bakteria hupeana jeni, hata wasiokuwa ndugu, na jeni ya kinga iliyozaliwa udongoni yaweza kuishia katika kidonda cha mgonjwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 bakteria sugu kwa vankomisini walizuka katika hospitali za Ulaya, wakiwa wamejifunza kulibadilisha pembe la tofali vile vile kama mtengenezaji wa dawa hiyo. Lawama ikaelekezwa pia kwa avoparsini, dawa ya jamii hiyo iliyokuwa ikitiwa katika chakula cha mifugo ili inenepe, na Umoja wa Ulaya ukaipiga marufuku mwaka wa 1997. Mwaka wa 2015 watafiti nchini China walitangaza jeni inayohama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine na kuwakinga dhidi ya kolistini, dawa ya peptidi iliyokuwa imewekwa akiba kwa wagonjwa mahututi. Ilipatikana kwa nguruwe, kwa nyama na kwa watu.

Kenya ilitoa mpango wake wa kwanza wa kitaifa wa kukabiliana na usugu wa dawa mwaka wa 2017, na wa pili unahusu miaka ya 2023 hadi 2027. Mipango yote miwili inahusisha wizara za afya na kilimo kwa pamoja, kwa sababu bakteria wa zizi na bakteria wa wodi hawana mpaka kati yao. Katika kaunti ambako mbuzi na kuku ndio benki ya familia, na daktari wa mifugo yuko mbali, kazi hiyo haitakuwa nyepesi.

Katika miaka yake ya mwisho Dubos aliuacha ulimwengu wa maabara na kuingia katika ule wa mazingira, ingawa kwake ulikuwa ni ule ule. Kitabu alichokitoa mwaka wa 1968, kuhusu jinsi mazingira yanavyomuumba binadamu, kilimpatia tuzo ya Pulitzer mwaka wa 1969. Alistaafu mwaka wa 1971. Mwaka uliofuata yeye na mwanauchumi Mwingereza Barbara Ward waliandika kitabu cha msingi kwa ajili ya mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu mazingira uliofanyika Stockholm, Uswidi, mwezi wa Juni 1972. Kutokana na mkutano huo lilizaliwa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, na mwezi wa Desemba mwaka huo Baraza Kuu likaamua makao yake yawe Nairobi. Lilikuwa shirika la kwanza la Umoja wa Mataifa kuwa na makao makuu katika nchi inayostawi.

Yeye na Jean walikuwa na shamba huko Garrison, kaskazini mwa jiji la New York, ardhi iliyochoka na kutelekezwa, ambayo waliipanda miti kwa mikono yao. Aliendelea kuandika na kuhutubia hadi alipofariki.

Miaka 15 baada ya kifo chake, mnamo 1997, watafiti wa Marburg nchini Ujerumani walimaliza kusoma jeni zinazotengeneza tairosidini katika Bacillus brevis, bakteria yule aliyejitokeza katika udongo wa Dubos. Mwishoni mwa safu ya jeni hizo, jirani kabisa na zile za sumu, walizikuta mbili zinazofanana na jeni za pampu.